Tangazo la Tatu

Blandina na Danstan walikutana kwenye foleni ya unga wa ngano, sokoni Darajani, mwaka 1970. Danstan alikuwa ametoka Kizimbani, alikokuwa akiotesha miche ya mikarafuu, na shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mbele yake alisimama msichana mwenye gauni la maua ya buluu. Akamuuliza kama unga utawafikia.

"Mimi utanfikia," alijibu Blandina bila kugeuka. "Wewe muombe Mungu."

Unga ulimfikia Blandina, ukaishia hapo. Akacheka, akamgawia nusu. Kufikia Novemba majina yao yalikuwa yakisomwa kanisani Mkunazini katika tangazo la ndoa, yasomwe Jumapili tatu ili mwenye pingamizi aseme. Harusi ingekuwa baada ya Krismasi, maana katika Majilio, yale majuma manne ya kuingojea Krismasi, kanisa halikufungisha ndoa.

Kwa desturi ya wazee wao, binti anayetangazwa haonekani kanisani. Blandina akawa anakaa nyumbani kumngojea baba yake, Mzee Swithuni, arudi kumpa habari. Jumapili ya kwanza majina yalisomwa, na ya pili yakasomwa. Ya tatu mzee alirudi amechelewa, akaketi, akasema kuwa Danstan amekwenda kwa padri kulisimamisha tangazo.

"Kasema kwa nini?"

"Hakusema, mwanangu."

Ulikuwa uongo mtupu. Aliyelisimamisha ni mzee mwenyewe, na nje ya kanisa alimwambia Danstan kuwa binti amebadili moyo. Posa aliikubali kwa furaha, lakini mkewe alikwisha kufa, na aliposikia jina la mwanawe wa pekee likisomwa mara ya pili ndipo alipoiona nyumba yake tupu. Aliogopa kula peke yake, basi.

Majilio yakaingia. Kanisani walihubiriwa kuitengeneza njia ya Bwana, na nyumbani baba na binti walikula bila kutazamana. Danstan hakuja kuuliza, Blandina hakwenda kuuliza. Neno moja lingetosha, lakini kila mmoja alikikumbatia kiburi chake akakiita heshima. Wajinga wawili, na mimi nawapenda wote.

Asubuhi ya Krismasi watu walipoinuka kwenda kupokea Komunyo, Mzee Swithuni alibaki kwenye benchi. Kwa miaka arobaini hakuwahi kuikosa Komunyo ya Krismasi, na anayeiacha ni mwenye dhambi asiyoitubu. Blandina aliporudi kutoka altareni alimkuta ameinamisha kichwa.

"Baba, umefanya nini?"

Mzee alimwambia pale pale, kwa sauti ya chini, wenzao wakiimba.

Ibada ilipokwisha, Danstan alikuwa nje, amevaa suti ya kijivu iliyoshonwa kwa ajili ya harusi. Blandina alimweleza yote. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa mfukoni karatasi yenye muhuri. Ilikuwa ruhusa ya Serikali ya kusafiri, ambayo bila hiyo mtu haondoki kisiwani: meli ya kesho, kazi ya mkonge Tanga, bara.

"Niliiomba ile wiki uliyonkataa."

"Sikukukataa, Danstan."

"Nshajua sasa. Lakini ina jina moja. Na nikibaki, wataniuliza nilikuwa nnakimbia nini."

Blandina aliisoma karatasi ile mara mbili. Alisema kwamba naye ataomba yake.

"Na wakininyima?"

Danstan alimshika mkono mbele ya waumini wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akauachia.

Mchana Blandina alipika pilau ya sikukuu, akampakulia baba yake sahani iliyojaa, akamnawisha mikono kama kila siku. Mzee aliomba radhi huku akilia.

"Nshakusamehe, baba. Nimeamriwa nikusamehe."

Kisha akachukua sahani yake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mzee Swithuni akala Krismasi peke yake.