Sauti Zilizobaki Kolwezi

Bilonda alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, mlangoni, huko Mutshatsha. Binti yake Charlotte aliutazama mchi ukipanda na kushuka, kama mtu anayetazama samaki ndani ya maji.

Charlotte alizaliwa kiziwi. Madaktari wa mbali walimwekea kifaa kidogo chini ya ngozi ya kichwa. Kipande cha nje, aparei, kilikaa nyuma ya sikio na kumletea sauti. Akajifunza kusema. Kisha mgodi ukataka mtaa wao wa Kolwezi. Nyumba ikabomolewa, wakafukuzwa, wakahamia Mutshatsha. Tangu hapo mtoto hakuitika tena, na maneno yake yalikuwa yakipotea moja moja.

Jirani yao, muuguzi Elise, alimwita mtoto kwa nyuma. Hakugeuka.

"Mama Charlotte, mutoto hasikie?"

"Masikio yake yalibakia Kolwezi, mu ile nyumba. Mi nitarudia kuyafwata."

"Utafwata nini kule? Matofali?" Elise akacheka kwa upole. "Kesho kuya naye ku kituo cha afya. Mutaalamu wa aparei yake atamuangalia mu telefone."

"Mu telefone! Atashika sikio namna gani?"

"Utaona."

Kesho yake Elise aliunganisha aparei na simu. Kwenye kioo akatokea mzee mmoja, tata Tshimanga, mtaalamu wa masikio aliyekuwa Lubumbashi. Akaipima kutoka kule kule.

"Aparei ni muzima," akasema. "Lakini sauti iko chini kabisa. Nani aliishusha?"

Bilonda akakumbuka. Kolwezi, kila mgodi ulipolipua baruti mchana, Charlotte alikuwa akilia kwa hofu. Kwa hiyo mama alikuwa akishusha sauti ya aparei, kisha kuipandisha tena. Siku ya kufukuzwa, tingatinga zilinguruma tangu asubuhi. Aliishusha, akabeba magodoro. Hakuipandisha tena.

"Ni mi, tata."

"Usilie, mama. Ila usibakie na shida peke yako. Mutoto akiacha kuitika, tuite mbio. Hata akiwa muzuri, tutaiangalia hivi mara kwa mara, maana anakua, na aparei inaomba kurekebishwa."

Tata akaipandisha sauti taratibu, kutoka Lubumbashi. Elise akapiga kofi nyuma ya mtoto.

Charlotte akageuka.

Siku zikapita, na maneno yakarudi. Mchana mmoja, saa ile ya baruti, mkono wa Bilonda ulienda wenyewe kwenye sikio la binti yake. Charlotte akaushika.

"Mama, acha. Huku hakuna baruti."

Bilonda akarudia mchi wake. Mtoto akafumba macho, akauitikia: tu, tu, tu.