Kompyuta ya Kazi si ya Mchezo

Uvumi ulianzia dawati la nyuma darasani: eti mchezo wa mbio za magari ukichezwa kwenye kompyuta, una barabara ya siri isiyopatikana kwenye mashine za michezo za kuchomeka kwenye televisheni. Kidoti aliusikia asubuhi. Jioni, akifagia studio ya picha ya mama yake, ulikuwa bado unamzunguka kichwani.

"Njoo tucheze kwenye mashine yangu," binamu yake alimwambia. "Au cheza kwa mtandao. Mchezo unaendeshwa na kompyuta za mbali, yenu haibebi kitu."

"Mtandao wetu huu wa kukwamakwama? Nitagonga ukuta kabla sijauona!"

Mama na msaidizi wake walipotoka kwenda kupiga picha, Kidoti aliwasha kompyuta ya kazi. Ikagoma: nafasi haitoshi. Akatafuta mafaili makubwa, akayafuta yasibaki hata kwenye pipa la taka la kompyuta, akaingiza mchezo. Barabara ya siri hakuiona. Haikuwepo.

Kesho yake seremala mmoja alifuata picha za harusi ya bintiye.

"Mama Kidoti, ile ya marehemu mke wangu akicheka harusini, kabla hajatutoka, nikuzie. Sina nyingine."

Mama alitafuta mpaka jasho likamtoka. Kadi ya kamera nayo ilikuwa imeshapigiwa picha nyingine. Akamgeukia msaidizi wake.

"Kompyuta hii tunaishika mimi na wewe tu!"

"Haki ya Mungu, Mama, sijafuta kitu."

"Chukua mkoba wako uende."

Kidoti alikuwa pembeni, akiyasikia yote. Dada yule alikuwa ameshafika mlangoni, analia, Kidoti alipopaza sauti: "Mama, usimfukuze! Ni mimi. Nilitaka nafasi ya mchezo."

Hakuchapwa. Afadhali angechapwa. Mama alimwomba msaidizi radhi mbele ya mteja, kisha akamwita fundi. Fundi aliokoa picha za keki, za magari, za watoto. Ya marehemu haikurudi. Mchezo ulikuwa umeshakaa mahali pake ndani ya kompyuta. Seremala alipokea zilizopatikana, akaondoka bila kuaga.

"Kucheza si kosa," Mama alisema, macho yamemwiva. "Mashine ya binamu yako kazi yake ni mchezo. Ikiharibika, mtanuna siku mbili, basi. Hii inatulisha, na ndani yake mna watu. Sasa nisikilize:

Usicheze kwenye kompyuta ya kazi.
Usiingize mchezo bila ruhusa.
Usifute faili usilolijua.
Usinyamaze mwenzio akibebeshwa kosa lako."