Usiguse Bila Kusema

Ukumbi wa mafundi ulijaa kelele za feni, redio na watu wanaobishana bei. Mchapaji alisimama mbele ya meza ya mwisho, gauni la kijani limemkaa vizuri, fimbo nyeupe mkononi, kompyuta ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Shangazi yake alikuwa ubavuni.

"Mama, anataka kutengenezewa nini?" fundi akamuuliza shangazi.

"Mdomo ninao, kaka," mchapaji akadakia. "Nilichopoteza ni macho tu."

Fundi alipatwa na aibu hadi masikio yakawaka. "Nisamehe, dada. Ina tatizo gani?"

"Nzito. Nachapa vikao vya ofisi, nasikiliza na kuandika. Siku hizi namaliza sentensi, yenyewe bado inajikuna."

Akaiwasha. Sauti ikaanza kusoma yaliyo kwenye skrini kwa kasi ya mahindi yanayopasuka kikaangoni. Fundi akarudi nyuma.

"Huyu anafukuzwa na nani?"

"Anaitwa Chiriku. Ukimsikiliza polepole utazeeka."

Fundi akacheka, kicheko kinene kisicho na haraka. Mchapaji akainamisha uso ili shangazi asione alivyokipenda.

Fundi akaweka programu ya kusafisha kompyuta, kisha akamwachia ajaribu. Mchapaji akabonyeza, Chiriku akasema: "Kitufe. Kitufe. Kitufe."

"Kitufe gani?" fundi akashangaa.

"Hicho hicho unachosikia. Aliyeitengeneza hakuvipa majina. Nikibonyeza naweza kufagia sebule, naweza kuchoma nyumba."

"Basi nitakuja kwenu kukusomea."

"Kwa sharti moja. Mkono wako ukiwa kwenye kipanya, Chiriku hanielezi yote. Usiguse kitu bila kusema."

"Naahidi."

Alikuja kusoma vitufe, akaendelea kuja hata vitufe vilipokwisha. Simu nazo hazikukatika.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Ongeza chumvi, fundi. Hiyo imepoa."

Jambo moja mchapaji hakumwambia. Mama yake, alipokuwa mgonjwa wa kutotoka kitandani, alijirekodi kwenye kompyuta ile. Alimweleza nguo zake zote kabatini: hii ya kijani ni kijani cha majani yaliyonyeshewa, hii nyekundu usivae ukiwa na hasira. Alicheka, alikohoa, alimgombeza. Baada ya mazishi, kila Chiriku alipopita na kutaja "Mama, kabati," vidole vya mchapaji viliganda. Akazitupa rekodi zile kwenye pipa la taka la kompyuta, na pipa hakulimwaga. Kuzisikiliza hakuweza. Kuzipoteza pia hakuweza.

Jumapili moja fundi alifika na shati jeupe lililopigwa pasi. Mchapaji alikuwa amevaa lile gauni la kijani. Moyoni alikuwa ameshakata shauri: leo atalifungua pipa, mama amsikie mkwewe, mkwe amsikie mama.

"Kaa hapo, naleta chai. Nina mtu nataka umjue."

"Mwanaume?"

"Kunywa wivu wako kwanza, chai inakuja."

Akaenda jikoni. Fundi alibaki na kompyuta iliyokuwa ikijikokota tena. Akataka kumfurahisha. Chiriku alikuwa akimpigia makelele, akamzima. Akaendesha usafi. Pipa lilikuwa limefurika. Programu ikauliza kama viondolewe kabisa, naye akakubali, kisha akamwasha Chiriku na kukaa akitabasamu.

Mchapaji aliweka sinia, akakaa, akavuta pumzi, akafungua pipa.

"Hakuna kitu," Chiriku akasema.

Akabonyeza tena. "Hakuna kitu."

"Umegusa nini?"

"Nimekusafishia, mpenzi. Sasa inaruka kama..."

"Mbona sikusikia?"

"Nilimzima Chiriku kidogo tu."

Mchapaji akamweleza kilichokuwa mle. Alieleza bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha fundi.

"Lakini jamani," fundi akababaika, "nani anaficha dhahabu jalalani?"

"Asiyeweza kuivaa. Nilipofumbwa macho mara ya kwanza ilikuwa maradhi. Mara ya pili umenifumba wewe. Nenda."

Chai ikapoa mezani.

Fundi alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, akapokea shangazi.

"Baba, mwenzio halali. Unaweza kuzirudisha hizo sauti?"

"Naomba kompyuta, shangazi. Siahidi."

Shangazi alimwambia mpwa wake, naye akajibu, "Ipeleke. Haina kitu cha kuibiwa tena." Fundi alichimba kwa kila alichokijua. Usafi ulikuwa umepita juu ya kila kitu, ukafukia ulipofagia. Kilipatikana kipande kimoja tu. Angeweza kusema amejaribu, basi, asidaiwe zaidi. Moyo haukumruhusu.

Alirudi siku ya mvua, shati limemganda mwilini. Mchapaji alikaa mbali, mikono mapajani.

"Nimepata kimoja. Sijakisikiliza, si changu. Sijui kama kina uhai." Akaketi mbele ya kompyuta. "Sasa nazima skrini. Naacha kipanya. Natafuta faili kwa vishale."

Alikuwa amejifunza nyumbani, skrini ameifunika kwa taulo. Ili aweze kumfuata, Chiriku alikuwa amempunguza kasi, anatembea kama mgonjwa. Fundi alipotea, akarudi, akapotea tena, kila hatua akiitaja. Mchapaji alisikia akihema kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba asiyoijua.

"Nimefika. Nifungue?"

"Fungua."

Palikuwa na mkwaruzo, kama nguo inayovutwa kwenye hanga. Kisha kimya. Chiriku akasema faili limeharibika.

Mchapaji alilia bila sauti. Fundi hakumgusa.

"Nilifute?" akauliza hatimaye.

"Usithubutu. Lipe jina."

Akaandika kwa kidole kimoja, na Chiriku akataja herufi moja moja: "M. A. M. A."

Mvua iliendelea kugonga bati. Fundi akafuta uso.

"Nikurudishie kasi yako?"

Mchapaji alinyoosha mkono, akapapasa hewani, akakuta bega lililolowa. Akauacha mkono hapo.

"Mwache polepole," akasema. "Tuzeeke."