Nywele Chini ya Mwaridi

Asubuhi ile haikuwa na neno. Msusi alifagia saluni yake, chumba cha mbele katika nyumba aliyopanga na mumewe, akazoa nywele za wateja na kwenda kuzifukia kwenye shina la mwaridi uani. Aliukuta mwaridi huo ukiwa kijiti tu. Akaupogoa, akauwekea samadi, akautandazia majani makavu ili udongo usikauke. Ukashiba, ukapanda hadi dirisha la chumba cha binti yake. Maua tu ndiyo uliyomnyima.

Habari ya nywele alifundishwa na bibi mwenye nyumba.

"Ni mbolea nzuri," bibi alisema. "Ila changanya, mwanangu. Usiulishe za mtu mmoja."

"Utavimbiwa?" msusi alitania.

Bibi hakucheka.

Sasa, msusi huyu alikuwa na wifi, dada wa mumewe. Nywele ndefu, ulimi mrefu zaidi. Alikuja kusukwa bure kila alipojisikia, na akishakaa kwenye kiti, hakuna siri ya nyumba ile iliyosalia. Siku hiyo saluni ilijaa. Wifi akajitazama kwenye kioo, kisha akamtazama msusi.

"Kaka yangu alioa mikono," alisema kwa sauti. "Sura alisahau kuangalia."

Wateja wakaangua kicheko. Msusi naye akacheka, roho inamchemka.

"Haya, nipunguze ncha."

Akampunguza, tena zaidi ya alivyoombwa. Jioni akazifukia nywele zile peke yake, akashindilia udongo kwa kisigino.

Wiki haikwisha, mwaridi ukachanua. Maua mekundu, mazito. Msusi akainama kunusa. Harufu ilikuwa ya mafuta ya nywele ya wifi yake.

Wifi akaanza kuumwa kichwa. Alisema ni kama kuna mtu yuko chini ya ardhi, kamkamata nywele, anavuta. Hospitali hawakuona kitu. Nywele zikamtoka vishungi kwa vishungi. Akakonda. Na kila alipokonda, mwaridi ulitoa tumba jipya.

Msusi alielewa. Angeweza kufukua, koleo lilikuwa pale pale ukutani. Akachukua ndoo, akamwagilia.

Siku moja wifi alikuja amefunga kitambaa kichwani, anatembea kwa kushika kuta. Akajishusha sakafuni, miguuni pa msusi.

"Wifi yangu," alinong'ona. "Kama niliwahi kukukosea, nisamehe. Nimechoka."

"Wewe? Wala huna kosa." Msusi akatoka uani, akachuma waridi moja, akampa. "Nusa. Utapata nafuu."

Wifi akanusa. Akaitambua harufu ya mafuta yake. Akamtazama msusi usoni, akalia bila sauti.

Mwezi haukuisha, wakamzika.

Baada ya mazishi mwaridi ukaanza kunyauka. Msusi akauhangaikia: akapogoa, akaongeza samadi, akazika nywele za wateja kapu kwa kapu. Wapi! Majani yalizidi kugeuka njano. Mumewe, ambaye bado alikuwa na msiba wa dada yake, alimwona anavyohaha akamwonea huruma.

Kisha msusi akasafiri kumwangalia mama yake mgonjwa. Aliporudi mchana, akaukuta mwaridi umesimama wima. Majani mabichi yanang'aa. Juu kabisa, tumba moja dogo, jeupe.

"Umeona?" mume alitabasamu. "Shule wanataka watoto wanyolewe, nikamnyoa binti yetu. Nikaona nywele zisipotee bure. Nimezifukia zote hapo. Zake tu, laini."

Mzigo ukamponyoka msusi.

"Yuko wapi?"

"Amelala. Kichwa kinamuuma kidogo."

Akanyakua koleo, akachimba. Hakukuta hata unywele mmoja. Mizizi tu. Myeusi, myembamba, imesukana. Mistari imenyooka kuliko kazi yoyote ya mikono yake.

Akagusa mzizi mmoja. Binti akapiga kelele ndani.

Akaachia. Kelele zikakoma.

Akagusa tena.

"Mama," sauti ndogo ikatoka dirishani. "Mama, unanivuta."

Msusi akaondoa mkono. Aufukie? Auache? Akamkumbuka wifi, alivyomalizika kidogo kidogo sakafuni pake. Hapana. Kazi yake ilimfundisha hivi: fundo la nywele ukilivuta polepole linaumiza zaidi. Shika karibu na ngozi. Vuta mara moja.

Akalishika shina kwa mikono miwili. Miiba ikazama.

Akavuta.

Mwaridi ukang'oka.

Ndani, kimya.

"Mwanangu?"

Kimya.

Mume ndiye aliyeingia chumbani. Akatoka amembeba binti, kichwa kinaning'inia, shuka imelowa damu. Aliitazama tu mikono ya mkewe.

Walipomzika binti, walihama, kila mtu njia yake. Bibi mwenye nyumba akaita fundi, shimo likajazwa zege. Fundi anaapa hadi leo kwamba alilisawazisha vizuri na hakuna mtu aliyelikanyaga. Lilipokauka, katikati palikuwa na kiganja cha mtoto. Hakikubonyea. Kilikuwa kimetuna, kama mtu amesukuma kutoka chini.

Fundi akakichonga, akapiga lipu upya.

Kesho yake viganja vilikuwa viwili. Cha pili kilikuwa kikubwa, cha mwanamke, na vidole vyake vilikuwa vimekikamata kile kidogo. Zege lilinuka mafuta ya nywele ya wifi.