Figo Aliloahidiwa Emukule

Mtungi wa maji ulianza kukauka bila mtu kunywa. Amongin aliujaza asubuhi, akaukaza kifuniko, akaenda kuwapikia madereva chai na chapati kwenye foleni ya malori hapo Malaba. Aliporudi mchana, mtungi ulikuwa mwepesi, hauna hata tone. Akamfokea binti yake Aguti, na mtoto wa watu akaapa hajaugusa. Kisha ikaja harufu ya mkojo uliochacha, ile ile iliyokuwa ikitoka kinywani mwa kaka yake Emukule mafigo yake yalipokufa na madaktari wakawa wanampimia maji kwa kikombe kama dawa.

Hapo Amongin akajua ni nani mwenye kiu.

Yeye na Emukule walivuka mpaka pamoja kutoka Uganda kuja kutafuta maisha. Kaka alipougua, Amongin alipimwa katika hospitali kubwa, akaambiwa mafigo yake yote mawili ni mazima na moja lingemfaa mgonjwa. Akamshika Emukule mkono mbele ya ndugu wote. "Usilie. Figo yangu moja ni yako." Maskini Emukule akazidi kulia, kwa furaha.

Kisha Amongin akaenda kanisani. Lilikuwa kanisa la mabati la wale waliotoka ng'ambo ya mpaka, na nabii wao, Mama Asekenye, alikuwa na fundisho moja asilokubali litaniwe: mgeni haachi chochote chake nchi ya watu. Waumini walikusanya kucha zao na meno ya watoto kwenye makopo, wakayavusha kwenda kuyazika nyumbani, ili siku ya ufufuo wainuke bila kupungukiwa.

"Ukikatwa huku utafufuka na shimo," Mama Asekenye alimwambia. "Mungu atakuuliza, ile ingine uliacha wapi?"

Mumewe Mulama, mzaliwa wa Matayos, upande huu huu wa mpaka, hakuamini masikio yake. "Mama Aguti, Mungu alikuumba na udongo, atakosa figo moja ya kuongeza? Huyo ni ndugu yako."

"Wewe uko kwenu. Huwezi jua."

Siku ya operesheni Amongin alizima simu. Emukule alikufa akimngoja, ulimi umekauka, na wakamvusha wakamzika kwao.

Sasa alikuwa amerudi. Jioni moja ya mvua Amongin alikuwa akikanda unga, Mulama hajatoka kazini na Aguti yuko kwa jirani, ndipo akasikia ndala zikiburutwa sakafuni, chwaa, chwaa, mwendo wa mtu aliyevimba miguu, zikapita mlangoni, zikapita mtungini ambako kitu kiligugumia maji bila kupumua, zikamjia hadi nyuma yake, na ile harufu ikamjaa puani, na vidole vya baridi vikaanza kumbonyeza mgongoni chini ya mbavu, upande huu, kisha upande ule, taratibu, kama mama sokoni anayebonyeza parachichi kutafuta lililoiva.

"Dada," pumzi ikasema shingoni mwake. "Nipe yangu."

Mama Asekenye alikuja na waumini wake. "Hii ni jini imevaa sauti ya marehemu," alinong'ona. Akafuata desturi ya kanisa lao: vitu vyote vya marehemu viwekwe kizingitini, ili jini lisibaki na sababu ya kurudi. Wakaweka ndala, kikombe na shati.

"Kuna kitu yake ingine imebaki hapa?"

Mulama akamtazama mkewe. Amongin aliona haya, haya mbaya ya kukiri mbele ya kanisa zima kwamba aliwahi kuahidi kuacha nyama yake ugenini.

"Hakuna," akasema.

Mama Asekenye akainua mikono. "Basi, chukua kila kitu ni yako, uende, usirudi."

Kichomi kikampita Amongin ubavuni kushoto, akajikunja, kisha kikaisha. Walipotazama kizingitini, ndala hazikuwepo. Kuanzia siku hiyo mtungi ulikaa umejaa, na Jumapili Amongin alitoa ushuhuda akacheza mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

Mvua zilipokwisha, Aguti akaamka amevimba uso. Kisha miguu. Pumzi yake ikaanza kunuka, na hospitalini wakasema mafigo ya mtoto yamekufa. Mulama alipimwa kwanza, damu yake ikakataa. Amongin hakungoja kuulizwa, wala ufufuo haukumpitia akilini.

"Nikate mimi, daktari. Ata leo."

Daktari alimpitisha kwenye mashine, akarudia, akavua miwani. "Mama, ile ingine ulimpa nani?"

"Sijapea mtu."

"Upande wa kushoto hakuna kitu. Na hii moja imebaki hatuwezi kugusa."

Amongin akapandisha blauzi mbele ya wote. Hakuna kovu, hata alama. Mulama alikuwa akimtazama vile vile alivyomtazama siku ya maombi, ila sasa machozi yalikuwa yakimshuka. Emukule alikuwa amechukua chake akavuka nacho mpaka, na huko kaburini alilala mtu mzima, akingoja ufufuo bila upungufu wowote.

Kitandani Aguti alilamba midomo iliyopasuka. Kikombe alichopimiwa kilikuwa kimekwisha tangu asubuhi.

"Mama, nipe maji."

Amongin alimshika mkono.

"Hakuna," akasema.