Maji ya Moto Uani kwa Abeid

Plagi ilikuwa juu ya meza, waya umezungushwa vizuri, na bado mashine ya kuchomelea ilikuwa inanguruma. Nicodemus Wakhisi alicheka. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mashine hizo Kisumu nzima, na asiyejua hilo angeambiwa na Nicodemus mwenyewe.

"Omera, ndugu yangu, usicheke," Obiero, mchomeleaji, alinong'ona. "Nimetoa plagi tangu asubuhi. Hii kitu inalia."

Wiki tatu nyuma, katika kiangazi kikali cha mwaka wa themanini na tisa, mashine hiyohiyo ilikuwa inawapiga shoti wafanyakazi wa karakana hii ya Abeid pale Nyalenda. Nicodemus aligundua kwamba waya wa kupeleka umeme ardhini umekatika. Akapigilia nondo uani, akaufunga waya hapo, akaamuru udongo wa mahali hapo umwagiwe maji kila siku usije ukakauka. Shoti zikakoma, akasifiwa, akaenda zake amevimba kichwa.

Basi akaanza upya. Akakagua holda, kibano na nyaya, akafungua mfuniko, akapima koili moja baada ya nyingine. Hakuna iliyoungua. Lakini mle ndani mlitoka harufu ya nyama inayochemshwa, na alipotega sikio akasikia kwamba mngurumo ule ulikuwa na pumzi, unapanda, unakatika, unavuta kamasi, kisha unaanza tena, kama mtoto aliyelia mpaka akachoka. Alirudisha mfuniko bila kukaza hata skrubu moja.

"Pale kwa nondo mnamwaga maji gani?" aliuliza.

"Haya ya kupozea chuma." Obiero alionyesha debe lililokuwa linafuka mvuke. "Si ulisema maji tu? Na mfereji uko mbali."

Abeid, mwenye karakana, alishika kichwa. "Ya moto? Na hamkusema Bismillahi?" Alimvuta Nicodemus hadi chumba cha nyuma, alikolazwa Swaumu, binti yake wa miaka sita. Nyayo za mtoto zilikuwa zimejaa malengelenge. "Wiki mbili hakanyagi chini. Daktari ananiuliza nani amemchoma. Hakuna mtu amemchoma, fundi!"

Mama yake Abeid, Bi Habiba, alikuwa anamsomea mjukuu wake huku ubani unafuka. "Chini ya nondo yenu kuna watu na watoto wao," alisema kwa sauti ya chini. "Mmewababua. Sasa wanamtafuta aliyetoa amri."

Nicodemus alikuwa mtu wa kanisa na habari za majini alizoea kuzifanyia mzaha. Leo hakuthubutu. Aliyetoa amri ni yeye, na nyumbani Manyatta alikuwa na watoto wawili, Nabututu na Wabwire, aliowapenda kuliko roho yake.

Swaumu alifumbua macho. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke mzima, tena yenye adabu.

"Fundi, hujambo? Una watoto wangapi?"

Huko nje mashine ilipaza kilio, ile harufu ya nyama ikaingia chumbani na kuufunika ubani, na Nicodemus akawaona wanawe machoni pake wamekaa mlangoni wakimsubiri, miguu yao mitupu, na akajua kwamba lolote atakalojibu ndilo litakalowafikia.

"Sina," alisema. "Sina hata mmoja."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

"Usiwadanganye hao!" Bi Habiba alimrukia mkono. "Waombe msamaha, baba, waombe!"

"Tumekubali," ilisema ile sauti.

Mashine ikanyamaza. Swaumu akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, akaomba uji, na malengelenge yakanywea mbele ya macho yao.

Nicodemus alikimbia mpaka Manyatta bila kupumzika. Mkewe, Elsie, alikuwa anafua nje ya mlango.

"Watoto wako wapi?"

Elsie aliiacha nguo majini. "Watoto gani, Nico?" Machozi yalimlenga. "Miaka tisa natafuta dawa, miaka tisa naomba Mungu, na leo wewe ndio unanicheka?"

Akaingia ndani akafunga mlango. Kwenye kamba palikuwa na mashati mawili ya Nicodemus na leso ya mkewe, basi. Alianza kuita, "Nabututu! Wabwire!" akazunguka nyumba akiita, mpaka majirani wakatoka kumtazama, na hakuna hata mmoja aliyejua anamwita nani.