Sababu Juu ya Mstari wa Hatari

Kila mtu katika ukumbi ule wa stesheni alikuwa amenuna, isipokuwa watu wawili. Ubao mkubwa wa ratiba za treni ulikuwa umeganda, umejaa mistari ya rangi zilizovurugika, na wasafiri walimzonga karani wa tiketi kana kwamba yeye ndiye aliyeuharibu. Fundi alisimama nyuma ya msongamano, mikono ya shati lake la mistari imekunjwa, kahawa ikimpoa mkononi. Mbele yake alikuwepo mwanamke mwenye gauni la zambarau na begi mgongoni, ameinua uso, anautazama ubao ule mbovu kama mtu anayesoma gazeti.

"Kumbukumbu ya kompyuta imeachiwa mapema," mwanamke alijisemea.

"Au foleni ya kazi imejaa," Fundi akamjibu bila kuulizwa.

Mwanamke aligeuka, akampima kutoka kichwani hadi viatuni. "Foleni ikijaa, picha inaganda na rangi zake. Hii imeoza. Chipu inachora kwenye nafasi ambayo tayari amepewa mwingine."

Fundi aliutazama ubao tena, akaona ni kweli, na kahawa ikamwagikia kiatu. Treni zao zote mbili ziliondoka wakiwa bado wanabishana, na hakuna aliyesikitika.

Fundi ndilo jina aliloitwa kazini, kwenye karakana ndogo iliyotengeneza mashine za altrasaundi za hospitali. Kazi yake ilikuwa kuandika kiendeshi, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuiamuru chipu ya picha. Naye yule mwenye gauni la zambarau, Fundi alikuja kugundua wakiwa kwenye benchi la stesheni, alikuwa Mkaguzi. Fundi alilijua jina hilo. Kiini cha mfumo wa kompyuta alioutumia, sehemu ya ndani kabisa ambayo ikianguka kila kitu huanguka nayo, kilijengwa kwa pamoja na watu wa mabara yote, na hakuna kiendeshi cha picha kilichoingia humo bila kupita machoni pake. Wanaume wenye ndevu zao walimwogopa bila kuwahi kumwona.

Mkaguzi alimweleza kazi yake huku akimenya chungwa. Alikuwa akisanifu mlango mpya kati ya kiini na viendeshi, kwa lugha ya programu isiyokubali uzembe: ukiazima nafasi ya kumbukumbu, lugha inajua umeazima, na inakataa katakata mtu mwingine aibomoe ungali ndani. Fundi alisikiliza, akahisi nywele za mikononi zikimsimama. Miaka yote aliyoandika viendeshi alikuwa akitegemea macho yake na bahati. Hakuwahi kuwaza kwamba usalama wenyewe unaweza kujengwa ukutani, kama mlango usiofunguka mpaka aliye ndani atoke.

"Mbona umenikodolea macho?" Mkaguzi akamuuliza.

"Nimestaajabu tu."

"Staajabu ukiwa umefunga mdomo. Nzi wataingia."

Mapenzi yakaanzia hapo, na yakaenda mbio. Walipigiana simu kila mapumziko ya mchana. Fundi akiuliza kama laazizi wake amekula, Mkaguzi hujibu kwamba ana viendeshi vya watu vya kukataa kwanza, chakula baadaye. Jumapili walitembea mitaani wakizitazama skrini za maduka na kubahatisha ipi itaganda. Dada yake Fundi, mjamzito wa mimba yake ya kwanza baada ya kuisubiri sana, alimwona Mkaguzi mara moja tu, akamvuta mdogo wake pembeni na kumwambia huyu akikuponyoka nitamfuata mimi.

Sasa, hata kwenye mlango ule imara palikuwa na sehemu moja ambayo lugha haioni: pale programu inapoigusa chipu yenyewe. Hapo mwandishi hufungua mstari wa hatari. Na ilikuwepo desturi, ambayo Mkaguzi aliishika kama dini, kwamba juu ya kila mstari wa hatari uandike kwa maneno ya binadamu kwa nini ni salama. Nani ameishika kumbukumbu hii, mpaka lini, na nani ataiachia.

Fundi alipomaliza kiendeshi cha mashine yake mpya, aliufikia mstari huo akiwa na furaha ya mtu anayependwa. Alitabasamu peke yake, akaandika juu yake: *Ni salama. Mkaguzi ananijua.* Akakituma kwenye mradi wa kiini, mbele ya macho ya watu wote, akangoja asifiwe.

Jibu la Mkaguzi lilikuja kabla hajasimama kitini. *Hii si sababu. Waya wa kifaa ukichomoka chipu ingali inachora, nani ameishika kumbukumbu? Imekataliwa.*

Alimpigia simu palepale, masikio yakimwaka.

"Umenikataa mbele ya dunia nzima."

"Nimekataa mstari."

"Mimi ndiye niliyeuandika. Hata kuniamini huwezi?"

"Wewe umenifanya mimi kuwa sababu," Mkaguzi alisema. "Umelichukua penzi langu ukalibandika kwenye kiini kama muhuri. Wataniamini vipi kesho nikimkataa mwingine? Nijibu swali langu, Fundi. Waya ukichomoka?"

"Nani atachomoa waya katikati ya kazi?"

"Hilo nalo si jibu."

Fundi akakata simu. Kiburi si maungwana, lakini kilimkaa vizuri siku zile. Simu za mchana zikakoma. Na kwa kuwa karakana haikuhitaji ruhusa ya mtu kutumia kiendeshi kwenye mashine zake yenyewe, alikiweka vilevile kilivyo, na mstari wake na maneno yake.

Mashine ilijaribiwa hospitalini, kwenye chumba kidogo chenye pazia la kijani. Dada yake ndiye aliyejitolea, maana nani apimwe kwanza kama si ndugu. Alilala kitandani kwa dera la maua, tumbo limepakwa mafuta baridi, akimtania daktari kuwa mtoto akifanana na mjomba wake asiambiwe. Daktari akapitisha kifaa tumboni. Katika kijivu cha kioo cha mashine ukatokea uti wa mgongo kama kamba ya shanga, na katikati moyo, mdogo mno, ukipigapiga. Fundi alihisi machozi. Kila pigo lile lilipita kwenye mistari aliyoiandika yeye.

Daktari akasogeza kiti chake ili aone vizuri. Gurudumu likaukanyaga waya wa kifaa, waya ukachomoka.

Moyo ulisimama kwenye kioo. Rangi zikaoza, zikaliwa na mistari, kisha mashine nzima ikazimika, na chumbani pakabaki sauti moja tu, ya dada yake.

"Umesimama. Mtoto wangu, moyo umesimama."

Fundi alimwambia ni mashine tu, dada, ni mashine, lakini aliyekwisha kuona haambiliki. Daktari alifungua droo, akatoa pembe ya mbao ya kusikilizia mimba, akaliinamia tumbo. Akasikiliza. Akausogeza mkono wa dada yake Fundi mpaka ukagusa pembe, akaanza kumgongea mapigo kwa kidole juu ya kiganja, tip-tip-tip-tip, mpaka yule mama akapumua. Mtoto alikuwa mzima wa afya. Fundi alikuwa ameegemea ukuta, swali la Mkaguzi likimrudia neno kwa neno.

Alipiga simu akiwa uani, kando ya matangi ya maji.

"Waya umechomoka," alisema.

Mkaguzi hakucheka. "Kuna aliyeumia?"

"Hapana. Dada yangu amelia kilio ambacho sitakisahau. Nisamehe, mpenzi. Ulikuwa unawalinda watu, mimi nikadhani unanidharau."

"Na mimi ningeweza kukupigia kwanza kabla ya kuandika," Mkaguzi alisema. "Leta laptopu. Tuanze mwanzo."

Wakaanza. Walikaa mezani kwake, bega kwa bega, na Fundi akauona usanifu wote kwa mara ya kwanza. Kila kipande cha kumbukumbu ilichokabidhiwa chipu kilikuwa na mshikaji, sehemu ya programu yenye jukumu la kukitunza na kukiachia. Waya ukichomoka, hakuna aliyekimbia na kubomoa. Mshikaji aliendelea kushika mpaka ijulikane kwa hakika kwamba chipu imenyamaza, ndipo akaachia. Mambo haya yalitendeka mara zisizohesabika kabla mtu hajapepesa jicho, gizani, ndani ya kila mashine, na hakuna aliyeyajua wala kuyashukuru. Fundi alimtazama mwanamke aliyeyawaza yote haya, kalamu imechomekwa kwenye nywele, akaona anampenda kwa namna iliyokaribia hofu.

Safari hii aliandika: *Kumbukumbu hii ameishika mshikaji wake mpaka chipu inyamaze. Waya ukichomoka, haiachiwi.* Jibu likaja mbele ya watu wote, neno moja: *Imekubaliwa.*

Walirudi kwenye pazia la kijani. Dada yake alikubali kulala tena, ila kwa sharti kwamba Mkaguzi amshike mkono. Moyo ukatokea. Mkaguzi akamweleza anachotaka kufanya, akamwomba ruhusa, na dada yake akafumba macho na kuitikia kwa kichwa. Mkaguzi akauchomoa waya kwa mkono wake mwenyewe.

Kioo kikawa cheusi. Mashine haikuzimika, taa yake iliendelea kuwaka, na maneno yakatokea kwa utulivu: *Kifaa kimechomoka.* Akaurudisha waya. Pumzi moja, na moyo ule ukarudi, ukipigapiga kama vile hakuna kilichotokea.

"Fumbua macho, dada," Fundi alisema.

Dada yake aliutazama muda mrefu. "Asante, wifi," akasema, na hakuna aliyemsahihisha.

Kwenye veranda ya hospitali, watu wakipita na mafaili na chupa za chai, Fundi alisimama.

"Nataka kukuomba unioe," alisema, kisha akajishika kichwa. "Yaani nikuoe. Tuoane."

"Huo ni mstari wa hatari," Mkaguzi akasema. "Sababu?"

Fundi alikuwa amejiandaa. "Sijui ni waya gani utachomoka. Kazi, afya, mimi mwenyewe na kiburi changu. Lakini nitakushika mpaka mwisho, na sitakuachia ungali unanihitaji."

Mkaguzi aliinamisha kichwa, akaisoma sababu ile moyoni kama anavyozisoma zote, bila haraka. Fundi alijua akikataa atakataa kweli.

"Ina pengo," alisema.

"Wapi?"

"Umeandika nani ananishika mimi. Wewe hujaandika nani anakushika."

Hilo Fundi hakuwa amelifikiria.

Mkaguzi akautwaa mkono wake, bado una mafuta ya altrasaundi vidoleni tangu alipokifuta kifaa. "Mimi," alisema. "Ongeza hapo, kisha imekubaliwa."